Helen wa Garimoshi: Ni Nani Aliyeruka?

Nyumba nyingi za mwambao zina ada moja ya usiku. Chakula kikisha na vyombo vikaoshwa, wakubwa na wadogo hukusanyika mbele ya runinga kutazama tamthilia ya mfululizo. Nyanya ana pembe yake, watoto wana mkeka wao, na mama aghalabu huja wa mwisho, mikono bado imelowa maji. Kwa nusu saa hakuna asemaye. Kisha muziki huingia, majina ya watu huanza kupanda kwenye kioo mbio mbio, na kila mmoja hunyanyuka na lake la kunena. Majina yale hayasomwi na mtu.

Makala haya, mpenzi msomaji, yanahusu jina moja la namna hiyo. Ni la mwanamke aliyefanya kazi Marekani zaidi ya miaka mia iliyopita, wakati filamu hazikuwa na sauti wala rangi. Mamilioni walimwona akihatarisha shingo yake kila juma. Walilolishika ni jina la Helen, na hilo hakupewa na mamake.

Hadithi kwa mafungu

Kusimulia hadithi kwa mafungu, ili msikilizaji arudi kesho, si uvumbuzi wa runinga wala wa Marekani. Shahrazadi wa Alfu Lela U Lela aliijua siri hiyo, akaitumia kuokoa maisha yake. Watengenezaji filamu wa Marekani waliigundua upya mwaka 1912, na waliigundua kupitia kwa wasomaji wa kike. Mwaka huo kampuni ya Edison ilishirikiana na jarida la wanawake liitwalo The Ladies' World. Hadithi ya msichana aitwaye Mary ilichapishwa kila mwezi jaridani, na filamu yake ikaonyeshwa ukumbini wakati huo huo. Aliyesoma alitaka kuona, na aliyeona alitaka kusoma.

Biashara ikanoga. Mwishoni mwa 1913 ikatoka The Adventures of Kathlyn, ikiambatana na masimulizi katika gazeti la Chicago Tribune. Mwaka 1914 ukafuata mfululizo mashuhuri wa The Perils of Pauline, ulioigizwa na Pearl White na kutangazwa na magazeti ya tajiri Hearst. Tazama basi: Mary, Kathlyn, Pauline. Katika zama ambazo wanawake wengi wa Marekani walikuwa bado hawana haki ya kupiga kura, haki iliyokuja kwa nchi nzima mwaka 1920, shujaa wa mfululizo alikuwa mwanamke. Wenye kumbi walijua nani ananunua jarida, na nani anaamua familia iende wapi Jumamosi.

Karani wa stesheni ya upweke

Novemba 1914 kampuni ya Kalem iliingia uwanjani na mfululizo wake, The Hazards of Helen, yaani hatari za Helen. Kalem ilikuwa imeundwa New York mwaka 1907 na watu watatu, Kleine, Long na Marion, na jina lake lilitokana na herufi za mwanzo za majina yao, K, L na M. Mfululizo huu ulitengenezwa California, ambako jua halikosekani na njia za reli zilikuwa jirani. Ulikwenda hadi Februari 1917 na kufikia sehemu 119, ukawa miongoni mwa mifululizo mirefu kabisa iliyowahi kutengenezwa.

Kila sehemu ilikuwa ya mkanda mmoja, kiasi cha dakika 12, na ilijikamilisha yenyewe. Mtazamaji hakuachwa akining'inia kama kwa Shahrazadi. Kilichomrudisha ukumbini ni Helen mwenyewe, na swali lisilokwisha: juma hili atafanya nini?

Helen wa hadithi alikuwa karani wa simu katika stesheni ndogo ya reli, mbali na mji. Siku hizo amri za reli zilipita kwenye nyaya kwa mlio wa nukta na vistari. Karani ndiye aliyejua garimoshi gani linakuja, lipi lingoje, na njia ipi iko wazi. Kosa lake moja liliweza kuua watu. Kazi hiyo haikubuniwa na watunzi, kwani wanawake waliifanya kweli katika stesheni za Marekani tangu karne ya 19. Msichana aliyekaa ukumbini akimtazama Helen huenda alikuwa na dada au shangazi mwenye kazi kama ile.

Juu ya msingi huo watunzi walijenga visa. Wezi wamevamia behewa la fedha. Injini imekatika breki na inateremka peke yake, na mbele yake inakuja treni ya abiria. Daraja limefunguliwa kupisha meli na dereva hajui. Helen hupokea habari, hutazama huku na huku, na akiona hakuna mwingine wa kumtuma, huenda mwenyewe: kwa farasi, kwa pikipiki, kwa miguu juu ya mapaa ya mabehewa.

Helen wa kwanza aliigizwa na Helen Holmes, na mwongozaji alikuwa mumewe, J. P. McGowan, mzaliwa wa Australia. Bibi huyu hakuwa mtu wa kukaa kitini akingoja mwingine afanye, na mengi ya hatari aliyafanya kwa mwili wake mwenyewe. Hata hivyo mwili wa mtu mmoja hautoshi kwa kazi ya namna ile, juma baada ya juma.

Ujanja na ukweli

Yafaa tujue mambo yalivyofanywa, maana watoto wetu huuliza, nasi hujibu kwa wepesi kwamba ni uwongo wa filamu tu.

Ujanja ulikuwapo. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono. Mpiga picha akiuzungusha mpini polepole kuliko kawaida, picha chache hunaswa kwa kila sekunde, na zinapoonyeshwa ukumbini kwa mwendo wa kawaida kila kitu huonekana kinakimbia. Hivyo garimoshi lililokwenda kwa mwendo wa kadiri lilionekana kama mshale. Zaidi ya hayo, palipohitajika mwanamke aanguke au aruke, ilikuwa desturi kumvika mwanamume nywele za bandia na gauni, akaruka yeye.

Lakini ujanja ulikuwa na mpaka. Injini ilikuwa injini ya kweli, yenye moto na mvuke na uzito wake. Chuma hakijui kwamba kinaigiza. Mtu aliyepaswa kuonekana juu ya paa la behewa alikuwa juu ya paa la behewa, na baina yake na ardhi hapakuwa na kitu. Na kwa kuwa kila juma lilidai sehemu mpya, muda wa kurudia, kupumzika au kupona ulikuwa mfupi.

Binti wa Cleveland

Sasa tumfikie mwenye makala yake. Alizaliwa Agosti 1892 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, akaitwa Rose August Wenger. Wazazi wake walikuwa na asili ya Uswisi na Ujerumani, na nyumba ilikuwa na mabinti watano. Baba aliyetamani mtoto wa kiume hakumzuia binti huyu kucheza michezo ya wavulana.

Kiangazi cha 1909 aliona maonyesho ya wapanda farasi yaliyokuja mjini kwao, na moyo wake ukabaki huko. Aliposoma tangazo kwamba kundi la ndugu Miller, wenye shamba la 101 Ranch huko Oklahoma, linatafuta wasichana wa kupanda farasi, aliandika barua akakubaliwa. Huko alijifunza kuinama kutoka mgongoni mwa farasi aendaye mbio na kuokota leso chini. Wenyeji wa kazi walimwonya juu ya kwato. Naye, kama vijana wote, aliamini kwamba mabaya huwapata wengine.

Mwaka 1911 kundi lilimaliza ziara yake katika mji wa Venice, ule wa California, likakwama kwa majira ya baridi. Mtengenezaji filamu Thomas Ince akalikodi lote kwa dola 2,500 kwa juma. Kiasi hicho kilikuwa cha wenye kundi. Rose alilipwa dola 8 kwa juma, na kila siku alipanda farasi maili tano kufika bonde la Topanga palipopigwa picha. Tangu hapo ndipo hesabu za maisha yake zilipoanza kwenda hivyo, pesa kubwa zikapita juu ya kichwa chake na ndogo zikamshukia mkononi. Waswahili husema mchumia juani hulia kivulini. Kwake yeye jua lilikuwa lake, na kivuli mara nyingi kilikuwa cha wengine.

Mwaka 1913 alikuwa Pendleton, Oregon, kwenye mashindano ya wapanda farasi, na huko akaolewa na kijana wa kazi hiyo hiyo, Edmund Gibson, aliyejulikana kwa jina la Hoot. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba mji ulijaa wageni, vyumba vilikuwa shida, na waliooana walitangulizwa. Ndoa iliyoanza kwa kutafuta chumba haikudumu, ila jina la Gibson lilibaki naye maisha yake yote.

Paa la stesheni

Mwaka 1915 Bibi Gibson alikuwa akifanya kazi kwa Kalem. Kwanza aliitwa kuruka mahali pa Helen Holmes, uso wake usionekane. Mwaka huo huo Holmes na mumewe waliondoka kuanzisha kampuni yao. Kalem ilibaki na mfululizo unaopendwa, mikataba na kumbi, na hadithi isiyo na mwenyewe. Basi wakamtwaa Rose wakampa nafasi, na pamoja na nafasi wakampa jina. Kwa kuwa shujaa anaitwa Helen, naye aitwe Helen. Ndivyo Rose Wenger alivyokuwa Helen Gibson, akaendelea na mfululizo hadi mwisho wake, katika sehemu zaidi ya nusu ya zile 119.

Katika sehemu iitwayo A Girl's Grit alitakiwa kuruka kutoka paa la stesheni hadi juu ya garimoshi linalopita. Jambo hili linastahili kusimuliwa taratibu, kwa sababu ndani yake mna kazi nyingi kuliko ushujaa.

Kwanza garimoshi lilisimamishwa, umbali baina ya paa na behewa ukapimwa, naye akaruka kwa mazoezi likiwa halitembei. Kisha mwendo ukahesabiwa: garimoshi lianze umbali wa kiasi cha robo maili, lishike kasi gani, na lifike chini ya paa kwa sekunde ngapi. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika hesabu ile, dereva kwenye injini, mpiga picha kwenye mpini, na mwanamke juu ya paa.

Garimoshi likaja. Hakusita. Aliruka na kutua pale alipopaswa kutua. Lakini mazoezi yalifanywa juu ya behewa lililosimama, na chombo kinachokwenda huichukua miguu mbele ilhali kiwiliwili bado kiko nyuma. Akapoteza mizani, akaanza kubiringika kuelekea mwisho wa behewa, ambako chini yake ni reli na magurudumu. Mkono wake ukanasa tundu la kupitishia hewa lililochomoza juu ya paa. Akalishika.

Na hapo, msomaji, ndipo alipofanya jambo linalonishangaza kuliko kuruka kwenyewe. Akiwa ameshika kwa mkono, aliuacha mwili wake uning'inie ukingoni, ili picha ipendeze zaidi. Alishuka na michubuko michache, na kamera haikuwa imeacha kuzunguka. Watazamaji wakaona mchezo uliopangwa hivyo tangu mwanzo. Hofu ya kweli ikauzwa kwa bei ya hofu ya kuigiza.

Hakuishia hapo. Katika sehemu nyingine alisimama juu ya farasi wawili wanaokimbia sambamba, akadaka kamba iliyoning'inia kutoka darajani, na kwa kamba hiyo akajirusha kwenye garimoshi linalokwenda. Katika nyingine aliendesha pikipiki kwa kasi, akavunja malango ya mbao, akalivuka jukwaa la stesheni, akapenya milango wazi ya behewa tupu lililosimama, akatua juu ya behewa la wazi la garimoshi linalopita upande wa pili. Mingine ya michezo hii aliibuni mwenyewe. Ndiyo maana wanaoandika historia ya filamu humtaja kuwa mwanamke wa kwanza Marekani kuifanya kazi ya kuruka na kuanguka mbele ya kamera kuwa taaluma.

Baada ya Helen

Mwaka 1917 mfululizo ukakoma, na Kalem yenyewe ikafikia mwisho wake. Helen Gibson akaenda Universal kwa mshahara mzuri, na mwaka 1920 akajaribu jambo kubwa zaidi la kuwa na kampuni yake mwenyewe. Fedha zilimwishia kabla filamu ya kwanza haijamlipa. Muda si mrefu kidole tumbo kikampasuka, akalazwa hospitali, na nafasi aliyokuwa akiitegemea ikapewa mwingine. Mwili uliokuwa mtaji wake ulipougua mara moja, kazi haikumngoja.

Akarudi kwenye farasi, akazunguka na sarakasi. Kisha akarudi Hollywood kwa mlango wa nyuma. Kwa miaka mingi aliruka, alianguka na kuendesha magari ya farasi mahali pa waigizaji wa kike wenye majina, au alipita nyuma ya wengine katika umati. Mwanamke ambaye uso wake uliwahi kuwa kwenye mabango sasa alilipwa ili uso wake usionekane.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa katika filamu ya John Ford, The Man Who Shot Liberty Valance, iliyotoka 1962. Alikuwa na umri wa karibu miaka 70. Alilipwa dola 35 kuendesha gari la farasi mbele ya kamera, jambo aliloliweza tangu ujana wake. Alifariki Oktoba 1977 huko Oregon, akiwa na miaka 85. Helen Holmes alikuwa ametangulia mwaka 1950.

Na zile sehemu 119? Chache tu zimesalia. Mikanda ya wakati ule ilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachoshika moto upesi na kuoza chenyewe ghalani. Kampuni nyingi hazikuona sababu ya kutunza filamu za kimya baada ya sauti kuja mwishoni mwa miaka ya 1920. Nyingine ziliyeyushwa ili kupata fedha, ile ya madini, iliyomo ndani yake. Michubuko ya mwanamke yule ilipona, na ushahidi wa iliyoisababisha ukapotea kwa sehemu kubwa.

Majina yapitayo mbio

Kina mama wanaosoma makala haya hawahitaji kuelezwa maana ya kazi isiyo na jina. Yuko aliyepika maandazi alfajiri na watu wakayasifu kwa jina la mkahawa. Yuko aliyeshona kanzu mpaka macho yakamwuma, na mteja akampongeza mwenye duka. Hakuna aliyesema uwongo mkubwa. Ni jina tu lililokaa mahali pa mtu, na watu wakaridhika nalo.

Kalem haikumnyima Rose kazi. Ilimpa kazi ambayo wanawake wachache waliipata, na katika picha zake wasichana walimwona mwanamke ambaye hangoji kuokolewa. Hilo lilikuwa jema, na tusilipunguze. Lakini ilimpa kazi hiyo ndani ya nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mwingine, na siku nguo ilipovuliwa, aliyekuwa ndani hakujulikana na wengi.

Watoto wakituuliza kama mtu yule kwenye kioo ameanguka kweli, tusiseme upesi kwamba ni uwongo. Huenda shujaa ni wa uwongo, na kisa ni cha uwongo, lakini aliyeanguka ni mtu, na ana mifupa na mama aliyemzaa. Wiki hii tamthilia ikiisha na majina yakaanza kupanda, mwambieni mmoja wa watoto asome matatu au manne kwa sauti kabla taa haijazimwa. Hamtawajua ni kina nani. Hata hivyo yatakuwa yametamkwa nyumbani mwenu.

Na aliyeruka kutoka paa la stesheni, mwaka ule wa 1915, aliitwa Rose.